Beki Tuliyempeleka Houston

Mwezi uliopita nilialikwa Plano, kwa aliyekuwa golikipa wetu. Alikuwa akibatiza mtoto. Siku hizi golikipa ana kitambi na kazi ya kompyuta kwenye jengo la vioo, lakini mdomo ni ule ule. Nyama ilikuwa haijaiva alipoanza kuwasimulia wageni, watu ambao hawajashika gongo maishani mwao, kwamba timu ya watoto wa Dallas iliwahi kufanya biashara ya kijinga kuliko zote katika mpira wa magongo. Tulitoa beki asiyepitika, akasema, tukapokea mtoto anayeogopa mpira. "Mais vraiment, kweli kabisa, tuli-trade simba, tukapewa sungura." Watu walicheka hadi soda zikawatoka puani. Sungura mwenyewe, binamu yangu, alikuwa pale pale akigeuza nyama.

Nami nilicheka kidogo, kwa heshima ya ubatizo. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. Huyo simba alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Basi kaa karibu, rafiki, nikueleze biashara yenyewe ilivyokuwa, halafu uamue kama ilikuwa na maana.

Tulikuwa tukikaa Carrollton, pembeni mwa Dallas, kwenye nyumba za kupanga zilizojaa manesi wa Kikenya. Mama zetu walitoka zamu asubuhi, wakatia chai ya tangawizi kwenye chupa, wakafunga mandazi kwenye taulo la jikoni, na bado wamevaa nguo za hospitali wakatupeleka kwenye maegesho ya magari nyuma ya kanisa kabla lami haijapata moto. Hapo ndipo tulipocheza. Usiniulize kwa nini hatukucheza soka kama watoto wa watu. Kocha wetu, jirani wa mlango wa pili, alicheza magongo kwenye shule ya bweni ya wasichana huko magharibi mwa Kenya, na mama yangu na mdogo wake walisoma shule hiyo hiyo. Kwao soka ulikuwa mchezo wa wavulana wasiojua kutumia mikono. Magongo yetu yaliletwa kutoka Nairobi ndani ya masanduku, yamefungwa kwa leso, yakinukia majani ya chai.

Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe, na juu ya lami hauna huruma. Ninachokumbuka zaidi ni ile sauti: gongo likikutana na mfupa wa mguu, ko, halafu kimya kifupi kabla mtu hajalia. Nyenze walipiga kelele mitini, viyoyozi vikavuma ukutani mwa kanisa, na katikati yake ile ko, ko. Kila mmoja wetu alikuwa na kovu na alilionyesha kwa fahari. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto hakijanyooka hadi leo. Walipoletwa watoto wa Haltom City kucheza nasi, Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kufika Texas, mechi ya kwanza iliisha kwa ngumi. Ya pili pia. Baada ya hapo kocha aliwachukua wawili wao waje kwetu, maana alisema ni upumbavu kupigana na watu wanaopiga vizuri namna ile. Mmoja ndiye golikipa.

Kocha alikuwa nesi wa chumba cha dharura, kwa hiyo damu haikumshtua. Alikukandamizia pamba puani, akabandika plasta juu ya jicho, akakusukuma urudi uwanjani. "Damu hukauka," alikuwa akituambia. "Aibu ya kufungwa haikauki."

Na katikati ya vita hivyo vyote alisimama dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mabega mapana, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu. Hakuna aliyempita bila kulipia. Siku mtoto mmoja aliponivunja kile kidole, dada aliendelea kucheza. Alisubiri mpira umfikie, akaupiga ukaenda tumboni kwa yule mtoto, naye akatapika mandazi yote aliyokula. Kisha akamwinua, akamnywesha maji, akamfuta mdomo kwa ukingo wa fulana yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakumgusa mtu aliyekuwa chini, na hakumwacha mtu wake chini. Mimi nilikuwa winga, mdogo, mwembamba, na nilikimbia bila woga kwa sababu nilijua nyuma yangu yupo nani.

Kila mwisho wa kiangazi tulicheza na Houston. Watoto wa huko walifundishwa na mama mdogo, yaani huyo mdogo wake mama. Sasa unajua mila zetu, likizo mtoto hupelekwa kwa ndugu, akale ugali wa nyumba nyingine, asije akadhani ana mama mmoja tu. Mama zetu wakaigeuza mila hiyo kuwa sheria ya mchezo. Kila kiangazi Dallas wanatoa mtoto mmoja, Houston wanatoa mmoja, na siku ya mechi kila aliyeazimwa anachezea wenyeji wake. Lengo lilikuwa tusije tukawa maadui. Golikipa, aliyekuwa akitazama hoki ya barafu kwenye runinga usiku na mchana, ndiye aliyetufundisha kwamba jambo hilo linaitwa trade, na kwamba lazima lichambuliwe. Basi tukawa tunakaa kwenye ngazi za ghorofa, vijana wa miaka kumi, kumi na miwili, tukipima nani katoa nini na kapata nini kama wazee wa baraza.

Kwa kawaida walibadilishana watoto wa kati, wasio moto wala baridi. Mwaka ule tukaambiwa dada anakwenda, na anayekuja ni mtoto wa mama mdogo. Golikipa alitupa glavu zake kwenye pipa la taka. Ujumbe ukaenda kwa kocha, naye akatufukuza tukacheze. Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa akisukuma chapati, simu ameibana kwa bega, akiongea na mdogo wake kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake. Nilimsikia akisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Acha nimlete." Nikadhani wanapanga mbinu za kutufunga, na nikamnunia mama siku mbili.

Makabidhiano yalifanyika kwenye kituo cha mafuta, nusu ya njia ya kwenda Houston. Gari letu upande huu, la mama mdogo upande ule, joto likipanda kutoka kwenye lami. Dada alishuka na begi na gongo lake. Kabla hajaufunga mlango, mama alimshika mkono. "Ukiona mkono unainuka, simama katikati. Umenisikia?" Dada akaitikia, "Yes, Mum," akaenda. Binamu akaingia kiti cha nyuma, karibu nami, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini kama mtu aliye ofisini kwa mwalimu mkuu. Safari nzima hakuegemea kiti. Nilidhani ana maringo.

Uwanjani alitutia wazimu. Mpira ukija, mchezaji hushusha gongo. Huyu aliliachia lianguke, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Kila mara. Tulimzomea, tukamwita majina, tukamtupia maganda ya machungwa. Siku moja mpira ulimpita hivyo hivyo ukaingia golini, na golikipa akapandwa na mori, akamvamia na kumpiga kofi la mgongo. Binamu hakupigana wala hakukimbia. Alijikunja pale pale kwenye lami, magoti kidevuni, akisubiri lililobaki. Hata sisi, watoto wa ngumi, tulijua kwamba hiyo si tabia ya mtu aliyepigwa mara moja. Golikipa alirudi nyuma, mikono imelegea.

Kocha alimpeleka kivulini, akamvua fulana ampake dawa. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji, nikauona mgongo. Sisi sote tulichapwa makwetu, sitaki nikudanganye, mwiko na kandambili tulivifahamu. Lakini hizi zilikuwa alama za waya wa pasi, ule waya uliokunjwa mara mbili, kitanzi juu ya kitanzi, nyingine za zamani zimekuwa nyeupe, nyingine bado nyekundu. Karibu na bega palikuwa na kovu la pasi yenyewe, ncha yake unaitambua. Kocha aliirudisha fulana taratibu. Aliniambia nimpe maji mtoto, kisha akaenda nyuma ya gari lake, akaupiga teke mlango hadi ukabonyea.

Ndipo nikaelewa. Jioni hiyo nilimuuliza mama, naye akaniambia mambo ya nyumba ya watu hayazungumzwi, siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini nilikuwa na masikio, na kuta za Carrollton ni nyembamba, kwa hiyo nikaunganisha mwenyewe. Aliyekuwa akimpiga alikuwa baba mdogo, mume wa mama mdogo, mtu wa suti na Biblia, aliyependa kutukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mama mdogo naye alikuwa akipigwa. Makaratasi yake ya kuishi Marekani yalitegemea makaratasi ya mume. Kuita polisi, walivyoamini wao, kungewaleta wale watu wa serikali wanaochukua watoto, na mtoto akishachukuliwa ndiyo basi. Kumwambia mchungaji kulikuwa kumwambia Houston nzima. Ndipo mama na mdogo wake wakafikiri kwa akili walizokuwa nazo, akili za mabinti wa bweni. Mtoto atolewe kwa kisingizio cha mchezo, baba asione aibu. Na ili mama mdogo asibaki peke yake na yule mtu, aingizwe nyumbani humo mtu ambaye hata mwanamume mzima atafikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Walimpeleka dada yangu akawe ukuta.

Kiangazi kizima ukuta ulisimama. Dada alipiga simu Jumapili, akasema Houston kuna mbu na jasho, akasema yuko sawa. Binamu kwetu alianza kulala bila kushtuka, akaanza kula, siku moja akacheka na maziwa yakamtoka puani. Kuelekea mwisho aliweza kulishusha gongo wakati mpira ukija, ingawa macho bado aliyafumba.

Kisha ikaja mechi. Uwanja ulikuwa wa nyasi, Houston, hewa nzito kama ya bafuni, mama zetu wamejipanga na leso kiunoni na masufuria ya pilau. Golikipa alikuwa sahihi kuhusu hilo moja tu: kwa magongo, tulifanya ujinga. Dada alitubomoa. Alimwangusha kila aliyemkaribia, akatuma mipira mbele kama anarusha mawe. Nilijaribu kumpita pembeni nikidhani damu ni nzito kuliko maji, na gongo lake likanikuta mdomoni. Jino langu la mbele nililiokota mwenyewe kwenye nyasi. Alipiga magoti, akanikazia kitambaa mdomoni, akaniambia niume, nisifumbue mdomo, kisha akarudi mchezoni na kufunga bao. Mama wawili walisukumana. Mtu alimwagia mwamuzi pilau. Na mara ya mwisho mpira ulipomjia binamu, mbele ya watu wote na mbele ya baba yake aliyekuja na suti yake, yule mtoto alisahau kiangazi chote, akaliachia gongo na kujifunika kichwa. Watu wakacheka. Nilimwona baba mdogo akiondoka kuelekea kwenye gari.

Tulikwenda kula nyumbani kwa mama mdogo. Kina mama walipanga sahani, mimi nimekaa kwenye zulia, kitambaa mdomoni kimelowa damu. Baba mdogo alitoka chumbani, waya wa pasi umezungushwa mkononi. Hakupiga kelele. Alimwita mwanawe katikati ya sebule na kumwambia avue shati, ajifunze kuwa mwanamume mbele ya waliomwona akiwa mwanamke. Binamu akaanza kufungua vifungo. Mama mdogo alisema jina la mumewe mara moja, kwa sauti ya kuomba, akapigwa kofi lililomtupa kwenye sahani. Mkono wenye waya ukainuka.

Dada aliingia kutoka mlangoni, soksi bado zina matope, gongo mkononi. Alisimama katikati, kama alivyoambiwa. Waya ukamshukia yeye, shavuni hadi shingoni, nikaona ngozi ikifunguka. Mkono ukainuka tena. Nilisikia ile sauti niliyoijua maisha yangu yote, ko, ila safari hii ilikuwa kavu zaidi, na baba mdogo akautazama mkono wake uliokuwa umepinda mahali pasipopinda. Akamrukia hata hivyo. Dada akampiga gotini, naye akaanguka, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alipokuwa chini, dada hakumpiga tena. Alishusha gongo, akakaa mbele ya binamu, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

Jirani wa chini ndiye aliyeita polisi. Waliingia wakakuta mwanamume sakafuni na mfupa wake, na msichana mrefu mwenye gongo lenye damu. Waya wa pasi ulikuwa umeshatoweka, nafikiri mama mdogo aliusukuma chini ya kochi kwa mguu. Waliuliza kilichotokea. Baba mdogo alisema mtoto huyo ana kichaa. Polisi wakamgeukia mama mdogo, mdomo wake umevimba, naye akamtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akasema, "She has a temper, officer," yaani msichana ana hasira za haraka. Wakamgeukia mama yangu. Mama yangu aliangalia pilau iliyomwagika. Nilikuwa na kitambaa mdomoni, na dada alikuwa akinitazama, akitikisa kichwa polepole kwamba nisifumbue. Walimfunga pingu mbele yetu. Mbio zote nilizokimbia nikijua yuko nyuma yangu, na pale mlangoni alitoka akiwa peke yake.

Hakimu wa watoto alimhurumia kwa kiasi. Lakini mwanasheria alimwambia mama kwamba kesi ile itaharibu makaratasi ya familia nzima, na mama akafanya wanachofanya Wakenya na mtoto aliyeshindikana: akamrudisha nyumbani, kwa bibi, kwa muda. Muda huo haujaisha. Kanisani ikasemwa kwamba alikuwa na roho ya ugomvi. Binamu hakurudi Houston, alilelewa kwetu, akasomea unesi, na mgongo wake haukuongezewa alama hata moja. Baba mdogo alihamia jimbo jingine, mkono umepona vibaya.

Magongo hayachezwi tena. Nyuma ya kanisa wamejenga vyumba vya kukodisha vya kuwekea mizigo. Kocha alistaafu akarudi kwao, na watoto wetu hawajui harufu ya dawa ya kuchua asubuhi ya kiangazi wala ladha ya mandazi yenye damu ya mdomo wako mwenyewe. Wakati mwingine nashukuru. Wakati mwingine naikumbuka lami ile hadi kifua kinauma. Mama amezeeka, na nikimgusia habari hizo huniuliza wangefanyaje. Nampenda, na bado sijamsamehe kwa kuangalia pilau.

Mwaka jana nilikwenda Kitale kumwona dada. Ana duka la vifaa vya ujenzi, misumari na mabati, na ule mstari bado uko shavuni hadi shingoni. Wateja wanamwogopa kidogo, na watoto wa jirani wanashinda kwake. Siku moja tukipima misumari nilimuuliza lile swali la golikipa la tangu utotoni, kama ile trade ilikuwa na maana. Alicheka. Akasema kwa magongo haikuwa na maana hata kidogo, Dallas tulitapeliwa. Kisha akaendelea kupima, na nilidhani amemaliza.

"Yule mtoto yuko hai," akasema. "Wangeniomba tena ningeenda. Lakini nimekaa huku miaka hii yote nikingoja mtu mmoja tu aseme kwa nini nilimpiga."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, pale juu ya misumari, mwanamke mzima mwenye jino la bandia. Siku ile ya ubatizo niliwaacha golikipa na wageni wake wakicheka, nikaondoka kabla nyama haijaiva. Lakini kwako siwezi kunyamaza. Dada yangu hakuwa na roho ya ugomvi. Alimpiga kwa sababu mtoto alikuwa akivua shati ili achapwe kwa waya wa pasi, na sisi sote tuliokuwa sebuleni tuliuona mkono ukiinuka.